Funzo la Shinyanga Lisisahauliwe

Kila mwaka katika Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, viongozi, watumishi wa umma, walimu na wanafunzi hushika majembe na miche. Hotuba hutolewa, wimbo huimbwa, na jioni idadi ya miche iliyopandwa huandikwa katika taarifa na kupelekwa wilayani, kisha mkoani. Ni kazi njema, na hapana mwananchi mwenye busara atakayeibeza. Lakini liko swali ambalo taarifa hizo huliuliza kwa nadra: katika miche iliyopandwa mwaka uliotangulia, ni mingapi iliyo hai?

Swali hilo halikusudiwi kumkebehi mtu. Linaulizwa kwa sababu hifadhi ya ardhi haipimwi kwa idadi ya mashimo yaliyochimbwa siku moja, bali kwa hali ya ardhi baada ya miaka kumi na ishirini. Tena linaulizwa kwa sababu Tanzania haina haja ya kwenda mbali kutafuta jibu lake. Jibu liko Shinyanga, na lilipatikana kwa gharama kubwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba funzo hilo limeanza kusahauliwa hata na wale ambao kazi yao ni kulifundisha.

Jinsi nchi ilivyokauka

Shinyanga haikuumbwa jangwa. Sehemu kubwa ya Usukuma ilifunikwa na mapori ya migunga na miombo, na wenyeji wake, ambao ni wakulima na wafugaji, waliishi kwa kutegemea nafaka, mifugo na mazao ya mapori hayo. Kuanzia miaka ya 1920 Serikali ya kikoloni iliifanya Shinyanga kuwa kituo cha utafiti wa mbung'o, chini ya mtaalamu Charles Swynnerton. Kwa kuwa mbung'o hupenda kivuli cha vichaka, iliamuliwa kwamba vichaka viondolewe. Mapori makubwa yalifyekwa na kuchomwa moto. Nia ilikuwa kuwaokoa ng'ombe na ugonjwa wa nagana na watu na malale, na kwa kiasi fulani ilifanikiwa. Lakini mapori yalipokwisha kuondoka, hapakuwa na mpango wowote wa namna ardhi iliyobaki uchi ingevyotunzwa.

Likaja zao la pamba. Mkulima alihimizwa alime zaidi, naye akalima zaidi. Fedha za pamba zilinunua ng'ombe, kwa maana ng'ombe ndiye aliyekuwa benki ya mkulima, na ng'ombe wakaongezeka katika malisho yaliyokuwa yakipungua mwaka hata mwaka.

Kisha, mwaka 1974 na 1975, ikafanyika operesheni ya kuwahamishia wananchi vijijini. Shabaha ilikuwa kuwafikishia shule, maji na zahanati, na hayo yalikuwa mahitaji ya kweli. Hata hivyo, katika kuhama huko, kaya nyingi ziliacha nyuma sehemu za malisho zilizokuwa zikizitunza tangu enzi za mababu. Malisho yasiyo na mwenyewe wa kuyaangalia yakawa ya kila mtu, na cha kila mtu hakina mlinzi. Pembezoni mwa vijiji vipya miti ilikatwa kwa haraka kwa ajili ya kujengea nyumba na kupikia.

Ilipofika miaka ya 1980 mkoa huo ulikuwa ukiitwa Jangwa la Tanzania. Akina mama walitembea kwa saa nyingi kutafuta mzigo mmoja wa kuni. Waliokosa kuni walipikia mabua ya pamba na samadi, yaani mbolea ambayo ingelirutubisha shamba ikaishia mafigani. Upepo ulipeperusha udongo wa juu, na mvua ilipokuja ilichimba makorongo badala ya kuingia ardhini.

Inafaa kuzingatiwa kwamba hakuna hata moja kati ya hatua hizo lililofanywa kwa nia ya kuharibu. Kila moja ilikuwa na sababu yake, wataalamu wake na watekelezaji wake hodari. Kasoro yao ilikuwa moja: uamuzi ulifanywa mbali na ardhi yenyewe, na mtu aliyeishi juu ya ardhi hiyo hakuulizwa anajua nini juu yake.

Mizizi iliyokuwa hai

Mwaka 1984 Mwalimu Julius Nyerere aliitembelea Shinyanga na kushtushwa na hali aliyoiona. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa kifupi chake cha HASHI, kwa msaada wa Serikali ya Norwei. Mwanzoni mradi ulifuata njia iliyozoeleka. Vilianzishwa vitalu vikubwa vya miche, mingi yake ikiwa ya miti ya kigeni, na wananchi wakahimizwa kupanda. Lakini mche unataka maji, na maji ndiyo yaliyokuwa adimu. Mche unataka kulindwa na mifugo, na mtu hamlindii mwingine mche asioujua faida yake.

Sifa ya watumishi wa HASHI ni kwamba hawakung'ang'ania njia hiyo. Walikwenda vijijini, wakaketi na wazee, wakauliza zamani malisho yalitunzwaje. Wakaelezwa habari za ngitili.

Ngitili ni desturi ya Wasukuma ya kutenga sehemu ya ardhi mwanzoni mwa masika na kuizuia isiingie mifugo mpaka kiangazi kikali. Nyasi zilizohifadhiwa humo hulishwa ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia wakati ambapo kwingineko hapana hata unyasi. Ziko ngitili za kaya na ziko ngitili za kijiji kizima. Ilipofufuliwa desturi hiyo, watu wengi waliona jambo ambalo wazee hawakulistaajabia: miti ilianza kuota bila kupandwa. Visiki vilivyodhaniwa kuwa vimekufa vilikuwa na mizizi hai chini ya ardhi. Miaka yote hiyo vilikuwa vikichipua, na machipukizi yakaliwa na mbuzi au kukatwa na jembe kabla hayajafika magotini. Vilipopata mapumziko, vikawa miti. Pale ambapo mizizi ilikuwa imekwisha kabisa, miche ilipandwa, safari hii kwa matakwa ya mwenye shamba.

Desturi ilikuja pamoja na vyombo vyake. Dagashida, yaani baraza la jadi la wanakijiji, lilipanga masharti: nani anaingia katika ngitili, lini, na kwa kukata nini. Aliyevunja masharti alitozwa faini na baraza hilo hilo ambalo yeye mwenyewe ni mjumbe wake. Sungusungu, ambao walikuwa wamejipatia sifa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kupambana na wezi wa ng'ombe, wakaongezewa kazi ya kulinda nyasi na miti. Mabwana misitu hawakuachwa bila kazi. Walifundisha, walipima, walisaidia kuandika sheria ndogo na kuwaunganisha wananchi na watafiti. Lakini ufunguo wa ngitili ulibaki mikononi mwa wenye ngitili.

Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikuwa na jumla ya takriban hekta 600 tu. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, tathmini ya Wizara ya Maliasili na Utalii kwa kushirikiana na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ilikadiria kuwa ardhi iliyorudishiwa uoto wake haikupungua hekta 300,000, katika vijiji 833 vya mkoa huo kama ulivyokuwa kabla ya kumegwa mwaka 2012. Faida iliyotokana na ngitili ilikadiriwa kuwa takriban dola 14 za Marekani kwa kila mtu kwa mwezi, kiasi kilichozidi wastani wa matumizi ya mwananchi wa kijijini wakati huo. Akina mama waliokuwa wakipoteza nusu ya siku kutafuta kuni waliokoa saa mbili na zaidi. Ndege na wanyama wadogo waliokuwa wametoweka walirejea. Mapato ya ngitili za vijiji yalisaidia kujenga vyumba vya madarasa, nyumba za walimu na zahanati. Mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa, lakini tuzo iliyo kubwa zaidi ni ile ya mtoto aliyesomea katika darasa lililojengwa kwa fedha za msitu wa kijiji chake.

Amri peke yake

Wako watakaosema kwamba njia hiyo ni ndefu, na kwamba mazingira hayawezi kusubiri mikutano. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Historia ya nchi hii, hata hivyo, imekwisha kuijaribu njia fupi.

Katika milima ya Uluguru, Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli, na wataalamu hawakukosea katika hilo. Lakini matuta yale yalikula nguvu nyingi, na katika sehemu nyingi yalifukua udongo usio na rutuba na kuuweka juu. Mwaka 1955 wananchi walikataa, ghasia zikazuka, na mpango mzima ukafa. Kwa miaka mingi baadaye mkulima wa Uluguru aliposikia habari za matuta hakukumbuka udongo. Alikumbuka faini na askari.

Mfano wa Kondoa una somo la aina nyingine. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979, baada ya kuona kwamba makorongo ya Kondoa yanazidi kupanuka, Serikali iliamuru mifugo yote, ipatayo 90,000, iondolewe katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Nyasi zilirudi kwa kasi iliyowashangaza wataalamu, na asiyekiri hilo hatendi haki. Lakini wananchi walipoteza maziwa, samadi na akiba yao kwa mkupuo mmoja, na sehemu ya mzigo wa mifugo ilihamia katika ardhi za majirani. Ilibidi baadaye kutafuta njia ya kuwarudisha ng'ombe wachache wa maziwa, wanaofugwa bandani, ndipo hifadhi ikapata uhusiano mwema na maisha ya watu.

Kwa hiyo amri yaweza kurudisha nyasi. Isichoweza ni kulala macho usiku kucha kila usiku kuzilinda. Kazi hiyo hufanywa na mtu anayeamini kwamba nyasi zile ni zake na za wanawe.

Hatari ya leo

Funzo hili lina uzito mkubwa zaidi leo kuliko wakati ule. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3, sensa ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 61.7. Ardhi ni ile ile. Tathmini ya Taifa ya misitu ilionyesha kuwa misitu na mapori hufunika hekta milioni 48.1, na ni rahisi kuridhika na ukubwa wa hesabu hiyo. Lakini takwimu za Serikali zilionyesha pia kwamba kati ya mwaka 2002 na 2013 nchi ilipoteza wastani wa zaidi ya hekta 460,000 za misitu kila mwaka. Hizo ni nyingi kuliko zote zilizookolewa Shinyanga kwa miaka kumi na minane, na zilipotea ndani ya miezi kumi na miwili.

Hata ngitili zenyewe haziko salama. Baba anapofariki na ngitili yake ya hekta nne ikagawanywa kwa wana watano, hapana hata mmoja anayebaki na sehemu inayotosha kulisha maksai wawili. Mmoja anaigeuza shamba, mwingine anaikodisha kwa mwenye mifugo mingi, wa tatu anaukata msitu wake kwa ajili ya mkaa ili alipe ada. Si kwamba vijana hao ni waharibifu kuliko baba zao. Wamekabiliwa na hesabu ambayo baba zao hawakukabiliwa nayo. Kuwaita wajinga hakutaongeza hata hekta moja.

Na huo mkaa unakwenda wapi? Hauliwi kijijini. Unasafirishwa kwenda mijini, Dar es Salaam ikiwa mbele, jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililikuta na watu zaidi ya milioni tano. Unapikia chai ya mtumishi ambaye, saa mbili baadaye, ataketi ofisini na kuandika barua kumlaumu mwanakijiji kwa kukata miti. Haki inataka lawama igawanywe sawasawa na matumizi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umekusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo halitafikiwa kwa kulitangaza. Litafikiwa pale ambapo wenye mishahara, ambao wana uwezo kuliko wengi, watakuwa wa kwanza kuacha gunia la mkaa, na pale ambapo gesi na umeme vitamfikia asiye na mshahara kwa bei anayoimudu.

Wajibu wa watumishi na walimu

Sheria hazikosekani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa Halmashauri ya Kijiji dhamana ya ardhi, chini ya usimamizi wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kunufaika nao. Kilichopungua ni utumishi unaozifanya sheria hizo ziishi. Kijiji kinachotaka kupimiwa msitu wake kisizungushwe kutoka meza hadi meza. Sheria ndogo iliyopitishwa na wanakijiji isilale katika jalada la wilaya hadi wale walioipitisha wawe wameikatia tamaa. Ofisa anayekwenda kijijini na ramani mkononi aanze kwa kuuliza kabla ya kuonyesha. Na mwenye kuandika taarifa ya upandaji miti aongeze safu moja tu katika jedwali lake: miti iliyo hai baada ya miaka mitatu. Safu hiyo moja itabadili mengi, kwa maana mtumishi hushughulikia kile anachoulizwa.

Aidha, mtumishi asidhani kwamba kumsikiliza mwananchi ni kujivua utaalamu. Mzee wa Shinyanga alijua kwamba kisiki kina uhai. Mtaalamu alijua namna ya kupima hekta, kutafuta fedha na kuandika sheria ndogo. Kila mmoja peke yake alikuwa ameshindwa.

Ama kuhusu walimu, wao wameshika sehemu iliyo nyeti kuliko zote. Mwaka 1980 nchi hii iliendesha kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Misitu ni Mali, na walimu ndio waliokuwa uti wa mgongo wake. Wengi waliojifunza kusoma kwa vijitabu vya wakati ule leo ni wazee, na wajukuu zao ndio wanaorithi vipande vya ngitili. Wajukuu hao wako darasani sasa. Mwanafunzi anaweza kukariri maana ya mmomonyoko wa udongo na kupata alama zote katika mtihani, huku korongo likiukaribia uwanja wa shule yake na hapana aliyempeleka kulitazama. Shule yenye ekari chache inaweza kutenga sehemu, kuizuia isikanyagwe, na kumwachia kila mwanafunzi aone kwa macho yake, kuanzia darasa la kwanza hadi la mwisho, ni nini kinachoota kisichopandwa. Somo hilo halihitaji fedha ya mfadhili.

Hali kadhalika, shule za bweni na vyuo ni walaji wakubwa wa kuni. Serikali imekwisha kuagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Pale ambapo agizo hilo halijatekelezwa, mwalimu atamfundisha nini mwanafunzi juu ya misitu, wakati lori la magogo linashusha nyuma ya jiko?

Waswahili husema udongo uwahi ungali maji. Shinyanga iliwahi, lakini kwa shida, kwa sababu mizizi ilikuwa bado hai chini ya ardhi. Ziko sehemu nyingine za nchi hii ambako mizizi imekwisha kung'olewa kabisa, na huko hakuna tuzo wala hotuba itakayoirudisha. Ziko nyingine, nyingi zaidi, ambako visiki bado vinachipua kila masika na kukatwa kila kiangazi. Huko hakuna cha kusubiri. Kinachotakiwa ni mkutano wa kijiji ulioitishwa kwa haki, mpaka uliokubaliwa na wote, sheria ndogo iliyotiwa saini kwa wakati, na mtumishi atakayerudi mwaka wa tatu kutazama kilichoota.